Shingo ya Kufundishia Ngeta

Wakufunzi wenzangu, mmenisumbua kwenye simu mpaka nimekubali. Mlisema nirekodi sauti tu niwatumie, lakini sauti yangu mnaijua, imejaa mikwaruzo, na sababu ya mikwaruzo hiyo ndiyo habari yenyewe. Kwa hivyo naandika.

Mtu akiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, namwambia nilikuwa na askari wa kampuni ya ulinzi, wale wanaolinda mashamba ya chai. Akiuliza cheo, namuuliza habari za mvua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakabwa shingo. Wengine wanaamka kuchuma chai, wengine wanaamka kufundisha watoto. Mimi nilikuwa naamka, nakunywa chai, naenda kukabwa shingo mbele ya makuruta, halafu narudi nyumbani kula.

Wengi wenu mlipokuja mlikuta ngeta, ile kabari ya shingo kutoka nyuma, haimo kwenye masomo, mkadhani haijawahi kuwemo. Ilikuwemo, na ilikuwa ndiyo fahari yetu. Iliondolewa siku ambayo kijana anayeitwa Too alikuwa karibu kupoteza kazi na kupelekwa kituo cha polisi kwa kufanya vile vile tulivyomfundisha. Nitafika huko, lakini kwanza lazima mjue shingo hii ilikotoka.

Shule niliacha darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa nauliza maswali mengi kuliko mwalimu alivyopenda, halafu siku moja nikaona lori la ng'ombe linaenda Siongiroi, nikapanda. Pale sokoni niliswaga ng'ombe za wengine mpaka nikajua kuangalia meno na kwato. Nikateremka upande wa Fort Ternan kupakia miwa, nikajifunza kwamba muwa hauna shukrani. Nikapanda tena Kimulot, nikachuma chai mpaka vidole vikawa vyeusi. Kila mahali nilikaa mpaka nikajua mambo yanavyokwenda, na nikishajua, miguu inaniwasha.

Nilikuja pale uwanja wa mafunzo wa kampuni kutafuta uaskari. Karani alitaka cheti cha kidato cha nne.

"Kiko njiani," nikamwambia.

"Kinatoka wapi?"

"Kidato cha nne."

"Na wewe ulitoka wapi?"

"Darasa la sita."

Alikuwa ananionyesha mlango wakati mtu mmoja mfupi, mkavu, mwenye rungu kwapani, alisimama nyuma yangu. Sikuwa nimemsikia akija.

"Wewe, simama hapo. Geuka. Geuka tena. Hii shingo umeitoa wapi?"

"Kwa mama."

"Kwa mama, Sajini," akanisahihisha. "Hii si shingo, hii ni kisiki. Karani, mwandike huyu."

"Kama nani, Sajini?"

Sajini Koech akafikiri. "Kama shingo."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Sajini alikuwa amestaafu kutoka kazi ya serikali kabla hajaja kwetu, na alikuwa amestaafu kila kitu isipokuwa viatu. Viatu alivipiga rangi hata Jumapili. Hakuwahi kupiga kelele. Akikasirika alipunguza sauti, na akifika kunong'ona, makuruta walisimama wima kama nguzo za stima. Lakini alikuwa mtu mwema. Mvua ikininyeshea alinipa koti lake. Siku mtoto wangu alipougua alinifukuza uwanjani niende nyumbani, na akajilaza godoroni mwenyewe akakabwa badala yangu. Hili nataka mlikumbuke mnapoendelea kusoma.

Somo la kwanza lilifanyika kwenye ule ukumbi wa mabati, juu ya godoro la sponji lililovikwa turubai. Makuruta walikaa duara. Sajini akaja nyuma yangu.

"Sikiliza, Joel. Mkono wangu utabana pande mbili za shingo. Katikati pabaki na nafasi. Ukiona giza linakuja, piga paja langu mara mbili, nitaachilia."

"Na nikisahau kupiga?"

"Utalala kidogo, halafu utaamka. Kila mtu anaamka. Ila usipigane nayo. Legea kama nguo iliyoanikwa. Ukipigana utaniharibia somo."

Nikalegea. Kwanza masikio yakajaa, kama nimeingia ndani ya pipa. Sauti za watu zikaenda mbali, kama redio iliyoishiwa betri. Halafu macho. Kijivu kilianzia pembeni kikaja ndani, mpaka nikabaki na tundu moja dogo la kuonea dunia, na ndani ya tundu hilo nikaona kiatu cha Sajini kikimeta. Baada ya hapo niliota niko Siongiroi nauza ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe ndiye anapunguza bei. Nilipofungua macho makuruta walikuwa wanacheka mpaka wanashikana.

"Amekoroma!" mmoja akasema. "Walahi, huyu mzee amekoroma!"

Nilidhani nimelala saa nzima. Sajini akaniambia hata chafya yangu ni ndefu kuliko hivyo.

Basi nikawa shingo. Makuruta waliingia na kutoka, kundi baada ya kundi, na kila mmoja alipita shingoni kwangu kabla ya kupewa sare. Niliwajua kwa mikono. Kuna mkono wa mchuma chai, mwepesi lakini hauachi. Kuna mkono wa aliyekuwa konda, unakushika kama unakuomba nauli. Kuna wale wanaokushika huku wanakuomba msamaha sikioni, "Pole mzee, pole mzee," mpaka unazimia ukiwa umesamehe kila mtu.

Lakini mimi kitu nisichokijua kinaninyima usingizi, na hapo nilikuwa nalala kila siku bila kujua nimelalaje. Kwa hivyo nilienda zahanati ya shamba. Daktari wa pale alikuwa mama kutoka Kisii, Daktari Nyaboke, mwenye mikono laini na ulimi wa panga.

"Unasumbuliwa na nini?" akaniuliza.

"Sina ugonjwa, Daktari. Nataka kujua nikikabwa naenda wapi."

Akaweka kalamu chini. "Unakabwa na nani?"

"Na kila mtu."

"Bibi yako anajua?"

"Ni kazi, Daktari."

Akafunga mlango, akachukua ule mpira wa kuwekea dripu, akaninyooshea mbele ya macho. "Shingo ni daraja," akasema. "Ubongo uko ng'ambo, na hauna stoo. Tumbo lina akiba. Mwili una akiba ya mafuta." Hapo aliangalia kitambi changu. "Lakini ubongo hauna akiba ya damu hata ya kumaliza kuombea chakula. Mishipa inayorudisha damu kutoka kichwani ni laini, inazibika haraka. Damu inaingia, haitoki. Ndiyo unaona uso umevimba na macho yameingia vidoa vyekundu. Ile inayopeleka damu iko ndani kidogo. Ukiiziba, taa inazimika. Hiyo unaita usingizi, mimi siiti usingizi."

"Unaitaje?"

"Naita ubongo unakufa njaa na wewe unakoroma."

Akanigusa chini ya taya. "Na hapa kuna kitu kama askari wa getini. Kazi yake ni kupima presha ya damu. Ukimfinya anadhani presha imepanda, anauambia moyo upunguze mwendo. Kuna watu moyo wao unapunguza mpaka unasimama. Na mtu wa umri wako ana uchafu wa mafuta ndani ya mishipa. Kipande kikibanduka kinaenda kichwani. Unapata kiharusi kesho yake ukiwa unakula ugali, na hakuna atakayekumbuka ngeta."

"Na koo lenyewe?"

"Koo ni gegedu, kama sikio lako. Likivunjika au likivimba, hewa haipiti hata mkono ukishatoka."

"Lakini Sajini anatufundisha kwamba anayeongea anapumua."

"Mwambie Sajini hata puto likitoboka linatoa sauti. Kuongea ni hewa inayotoka. Inayoingia nani ameiona?"

Nilimpelekea Sajini maneno hayo yote moto moto. Akasikiliza huku anapangusa kiatu.

"Huyo daktari ameshika wezi wangapi?" akauliza.

Nikarudi zahanati na hilo. Nyaboke akasema, "Mwambie mimi ndiye nawapokea akimaliza kuwashika."

Nikarudi kwa Sajini. Hivyo ndivyo nilivyokaa miaka, nikibeba maneno kati ya zahanati na uwanja, na njiani nikiyaongeza chumvi kidogo ili yasiharibike. Walikuwa hawajawahi kukaa meza moja, lakini nawaambia hakuna watu walioheshimiana kama wale wawili.

Kitu kingine lazima nikieleze, kwa sababu ninyi mnavaa zile jaketi nyepesi za siku hizi. Enzi zetu askari wa chai alivaa kabuti, na lile lilikuwa nyumba ndogo. Mnajua mvua ya hapa, kila alasiri inakuja bila kualikwa, na mara nyingine inakuja na mawe. Kabuti likilowa, mkono wake unakuwa mnene kama mgomba, na askari akikunja kiwiko hajui kama amekunja au hajakunja. Lakini mafunzo tuliyafanya asubuhi, ukumbini, pakavu, na makuruta wamevaa fulana. Hakuna aliyeona ajabu. Kabuti lilikuwa la kazini, fulana ya darasani.

Mwishowe shingo ilianza kulalamika. Kengele masikioni. Kizunguzungu nikigeuka haraka. Sauti ikawa kama mlango usiopakwa mafuta. Nyaboke aliweka kifaa chake cha kusikilizia shingoni kwangu upande huu na upande ule, akasikiliza tena bila kukitania kitambi changu, jambo ambalo kwake lilikuwa dalili mbaya.

"Joel, hii shingo imeshastaafu," akasema. "Ni wewe tu hujaambiwa. Mtu akikukaba tena hata mara moja, usiniletee mwili hapa."

Nilikuwa bado natafuta namna ya kumwambia Sajini wakati lilipotokea la Too.

Too alikuwa kijana wa upande wa Kimulot, mpole, wa kusalimia hata mbwa. Alikuwa amepita mkononi mwetu, au tuseme mimi nilikuwa nimepita mkononi mwake. Alasiri moja mvua ya mawe ilikuwa imetoka kukatika, naye yuko zamu kwenye miti ya blugamu, amevaa kabuti. Akakutana na Baba Chepkoech, mtu wa kijiji kilicho chini ya shamba, amebeba matawi makavu begani. Shamba linaruhusu watu kuokota matawi makavu, lakini Jumamosi tu. Ilikuwa Alhamisi. Kosa lake lote lilikuwa Alhamisi.

Too alimwambia aweke kuni chini. Baba Chepkoech akamwambia mti haujui ni siku gani. Wakavutana. Too akamzunguka, akampiga ngeta ile ya darasani. Baba Chepkoech akasema, "Siwezi kupumua." Too akakumbuka somo, kwamba anayeongea anapumua. Akaendelea kushika. Halafu yule mzee hakusema tena.

Too alitupa rungu chini, akambeba mgongoni na kabuti lake na maji yake, akakimbia naye mpaka zahanati. Nyaboke alimrudishia pumzi, akampandisha gari kwenda hospitali ya mjini. Aliishi. Lakini alikunywa uji kwa majuma, na sauti aliyorudi nayo ilikuwa kama yangu.

Kampuni ikaita kikao. Kabla ya siku yake Sajini aliulizwa kwanza, na jibu lake nililisikia kwa sababu alinong'ona. "Alikosea mkono," akasema. Maana yake mmeielewa? Kama Too alikosea mkono, anafukuzwa kazi na kupelekwa polisi akajibu huko peke yake. Kama mkono ni ule ule tuliompa, basi aliyekosea ni somo.

Nilimkuta Too kantini, chai imepoa mbele yake.

"Mzee, nilifanya vile nilikuwa nafanya kwako," akaniambia. "Wewe si ulikuwa unaamka?"

"Nilikuwa naamka."

"Sasa yeye mbona hakuamka?"

Mimi bila jibu sikai. Nilidhani nimelipata nilipoliangalia kabuti lake limeanikwa kwenye ua, bado linatoa maji. Ningejitolea nikabwe na kabuti mbele ya wakubwa waone, lakini nilikumbuka maneno ya Nyaboke kuhusu mwili. Kwa hivyo nilienda kwa muuza maziwa, nikamwomba ile honi ya mpira ya baiskeli yake, ile ya kufinya. Nikatafuta gunia, nikalijaza sponji kuukuu na matambara, nikalifunga kamba likawa na kichwa, shingo, kiuno na miguu, nikalipeleka zahanati.

"Mgonjwa wako ni huyu?" Nyaboke akauliza.

"Nataka umwekee koo."

Alicheka mpaka akakaa. Halafu akaacha kucheka, akaanza kazi. Alipima kwenye shingo yangu, akaingiza honi mahali koo linapokaa, akaifunika sponji pande mbili, akashona kwa uzi wa vidonda. Alisema hajawahi kupata mgonjwa mtulivu hivyo. Ukibana pande za shingo, gunia linanyamaza. Ukigusa koo, linalia.

Siku ya kikao tulikutana ukumbini. Mbele alikaa Bwana Mwangi, meneja wa kampuni, mtu wa mjini aliyependa mambo yaishe haraka. Too alisimama pembeni, mikono nyuma. Baba Chepkoech alikaa kitini, skafu shingoni. Askari wengine walijaa mlangoni. Nyaboke alikaa upande mmoja na Sajini, na hiyo peke yake ilikuwa habari. Mimi niliingia nimebeba gunia kifuani kama bibi harusi.

"Hiki ni nini?" akauliza Bwana Mwangi.

"Ni mwenzangu, bosi. Amenirithi kazi."

"Joel, hapa hatuchezi."

"Hata yeye hachezi, bosi. Amekaguliwa na Daktari." Nyaboke akalifinya koo kwa kidole. Honi ikalia, na askari mmoja mlangoni akaruka.

Nikamwomba Sajini alikabe. Alikuwa amevaa shati, mikono imekunjwa. Akalizunguka, akaweka mkono kwa utaratibu ule wa miaka yote, akabana. Kimya. Akabana zaidi. Kimya. Askari wakapiga makofi.

"Mnaona?" akanong'ona. "Mkono ukiwa mzuri, koo haliguswi."

Nikamletea kabuti. Nilikuwa nimelilaza kwenye ndoo ya maji tangu asubuhi, kwa sababu sikutaka mtu aseme halikunyeshewa. Akalivaa bila kuuliza. Akalizunguka gunia, akaweka mkono ule ule, akabana.

Pooo!

Akalegeza, akapanga tena. Pooo! Akajaribu kwa upande wa pili. Pooo! Mlangoni watu walikuwa wanang'ata kofia wasicheke.

"Sijahisi nikiligusa," akasema Sajini, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Nilikuwa naona mkono haujafika bado."

"Kwa hivyo ni kabuti," akasema Bwana Mwangi, akaanza kukusanya karatasi zake.

"Ni kabuti," akasema Sajini. "Basi tutafundisha na kabuti. Kijana apewe onyo, arudi darasani."

Mimi nilifurahi. Too alikuwa amenusurika, Sajini alikuwa na ngeta yake, na gunia lingekabwa badala yangu. Nilikuwa tayari nimeanza kufikiria chakula cha mchana. Too ndiye alinyoosha mkono.

"Sajini, naomba kusema."

"Sema."

"Mimi sidhani ni kabuti tu. Huyu wa gunia hapigani." Akanigeukia. "Hata Mzee Joel alikuwa hapigani. Yeye ukimshika analegea, anakungoja upange mkono. Yule baba aligeuka. Mkono wangu ulianza pale pazuri. Yeye ndiye aligeuka ndani yake."

Sisi wote tukamwangalia Baba Chepkoech. Akatoa skafu kidogo.

"Na mtu akikosa pumzi si ageuke?" akasema kwa ile sauti yake. "Mlitaka nikae kama picha?"

Bwana Mwangi akaweka karatasi chini. "Mfanyeni huyo wa gunia apigane," akasema.

Nilishika miguu ya gunia, Too akashika kiuno. Sajini alivua kabuti mwenyewe. Alitaka mkono wake ukiwa na shati tu, ukiwa bora kabisa. Akaweka, akabana, kimya. Halafu tukaanza kulitikisa. Tulilivuta kushoto, tukalivuta kulia, tukalipigisha mateke. Honi ikalia. Gunia lilipoteleza Sajini alibana zaidi, kama mtu yeyote anavyobana kitu kinachomtoroka, na kadiri alivyobana ndivyo lilivyolia, likalia mfululizo kama harusi inapita barabarani. Mlangoni hakuna aliyecheka tena. Tuliendelea kutikisa mpaka Sajini mwenyewe akaachilia mikono, akaketi juu ya godoro, karibu na kichwa cha gunia.

Ninyi mnaofundisha sasa, hapa ndipo ningependa mpasome mara mbili. Kila askari tuliyemtoa alijifunzia kwenye shingo iliyokubali. Nilikuwa mwalimu mzuri wa kitu ambacho hakipo. Nimetembea kote huku, kutoka msituni mpaka kwenye miwa, na sijakutana na mtu anayeshikwa akalegea kama nguo iliyoanikwa. Alikuwa mmoja tu, na ndiye alikuwa ameajiriwa.

 Sajini, pale godoroni, akanong'ona, na ukumbi mzima ukasikia.

"Huyu kijana hakukosea mkono. Huo ni mkono wangu." Akainuka, akasimama mbele ya meneja, visigino pamoja. "Itoe, bosi. Yote. Ya fulana na ya kabuti."

"Una hakika, Sajini? Hii ngeta ndiyo imekufanya ujulikane."

"Itoe."

 Nyaboke alimpa Sajini kitambaa chake cha mkononi apanguse jasho. Mimi nilikuwa nashangilia moyoni, mpaka nikakumbuka kwamba ndiyo kwanza nimepoteza kazi.

Lakini ilikuwa haijaisha. Bwana Mwangi alimgeukia Baba Chepkoech. "Mzee, sisi tumeona vile tumeona. Lakini aliyeumia ni wewe. Ukisema twende polisi na huyu kijana, tutaenda leo. Ukisema abaki, atabaki."

Too aliangalia chini. Yule mzee alimtazama muda mrefu, kuanzia viatu mpaka kofia.

"Huyu ndiye alinibeba mgongoni," akasema. "Nilikuwa nasikia moyo wake unapiga kuliko wangu. Mimi nina mambo mawili tu. La kwanza, hiyo kitu ya shingo iishe kabisa."

"Imeisha."

"La pili, nirudishiwe kuni zangu."

"Hilo ni rahisi," akasema Bwana Mwangi. "Kuni zako zilichukuliwa kama ushahidi, ziko stoo. Utaondoka nazo sasa hivi."

Pale mlangoni askari wote wakaanza kuangalia viatu vyao. Kila mmoja alikuwa amegundua kiatu chake kina neno. Mwishowe Too akakohoa.

"Bosi. Hizo kuni… tulichemshia chai."

"Mlichemshia chai ushahidi?"

"Kulikuwa na baridi, bosi."

Baba Chepkoech alianza kucheka. Kicheko kilikuwa kinamuuma, akawa ameshika koo kwa mikono miwili huku machozi yanamtoka. "Usicheke!" Nyaboke akamfokea. "Bado hapo ndani pamevimba!" Na yeye akazidi.

Alasiri hiyo mlipaswa kutuona nyuma ya ukumbi. Sajini Koech na viatu vyake vinavyometa, shoka mkononi, anapasua gogo la blugamu. Too anapanga, mimi nafunga kamba. Baba Chepkoech amekaa juu ya debe, anatuelekeza kama fundi mkuu.

"Ndogo ndogo, Sajini. Jiko la mama ni dogo."

"Hivi?"

"Hata ndogo kuliko hivyo. Umezoea kubana sana wewe."

Mzigo ulipojaa, Too aliuinua begani, ukawa mkubwa kuliko ule wa kwanza, akaanza kuteremka nao kuelekea kijijini, mwenye kuni akimfuata nyuma. Getini askari wa zamu, ambaye hakuwa ameambiwa kitu, akawasimamisha.

"Hizo ni nini?"

Too hakuziweka chini. "Ushahidi," akasema, akapita. Baba Chepkoech, nyuma yake, akampigia yule askari saluti.